Kura ya Matabibu: Dawa Hujulikanaje Kuwa Ni Dawa?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili ya kutafuta, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, miaka kadhaa iliyopita, hapa kwetu Maretadu, mzazi mmoja alibaki nyuma msikitini baada ya sala ya Isha. Nilimwona ana jambo, nikamngoja. Tulipobaki wawili akasema:

"Maalim, nina neno linanikera. Mdogo wangu anakaa upande wa Haydom, na amejifungua juzi. Wamemjia watu wa utafiti wa dawa. Wamemweleza kuwa watoto watagawanywa kwa kura. Huyu atapewa dawa, na yule atapewa kitu kinachofanana na dawa, lakini si dawa. Nimemwambia asitie sahihi mpaka nikuulize. Je, hii si kamari? Tena kamari ya roho za watoto!"

Sikumjibu usiku ule. Mimi ni mwalimu wa chuo. Elimu yangu ni ya Qurani na ya shule ya msingi, na mtu hapaswi kufutu katika asilolijua. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nipe siku chache." Nikawauliza walio na elimu hiyo, nikasoma niliyoweza kuyasoma. Niliyoyapata nimeona nisiyafiche, kwani swali lile si la mzazi yule peke yake. Leo utafiti wa dawa na chanjo wapita katika vijiji vyetu vingi, na haifai baba na mama wa Kiislamu waseme ndiyo au hapana pasipo kujua wanachokubali wala wanachokikataa.

KUPONA PEKE YAKE SI USHAHIDI

Kwanza yafaa tujue kwa nini matabibu hawatosheki na neno la mtu asemaye, "Nilikunywa nikapona."

Mimi mwenyewe niliwahi kudanganyika. Mwaka mmoja wanafunzi wangu watatu walishikwa na mafua na kikohozi. Nikawachemshia majani ya mti fulani niliofundishwa na mzee mmoja, na katika juma moja wakapona. Nikaisifu dawa ile kwa kila aliyenisalimu njiani. Mke wangu akanisikia, akaniuliza kwa upole, "Na wale wanne ambao hawakunywa, mbona nao wamepona siku hizo hizo?" Nikanyamaza. Mafua yale yalikuwa yaende yenyewe kwa idhini ya Mola, na mimi nikayavika majani yangu sifa isiyo yao.

Swali la mke wangu ndilo mlango wa elimu hii yote. Usiwatazame walionywa tu. Watazame pia wasiokunywa, kisha linganisha. Wala elimu hii si ngeni katika umma wetu. Abu Bakr ar-Razi, tabibu mkubwa wa Rayy na Baghdad aliyefariki katika karne ya 10, ameandika kuwa wagonjwa wenye dalili za homa ya kichwa aliwagawa: baadhi akawatoa damu kama ilivyokuwa desturi, na wengine akawaacha kwa makusudi pasipo kuwatoa damu, apate kuona tofauti. Na Ibn Sina, katika kitabu chake cha Qanun, aliweka masharti ya kuijaribu dawa. Miongoni mwa hayo ni kwamba dawa ijaribiwe katika mwili wa binadamu, kwani inayomfaa mnyama huenda isimfae mtu.

KWA NINI KURA

Basi mtu atauliza: kulinganisha tumekuelewa, lakini kura ni ya nini? Si tabibu achague mwenyewe?

Sisi wakulima wa Mbulu tutalielewa jambo hili upesi. Tuseme umeletewa mbegu mpya ya mahindi, nawe wataka kujua kama inaishinda mbegu yako ya zamani. Ukiipanda mbegu mpya kule bondeni penye rutuba na maji, na ya zamani ukaipanda mlimani penye mawe, mavuno yatakudanganya. Utaisifu mbegu, na kumbe sifa ni ya udongo. Jambo hili ndilo lililomshughulisha Ronald Fisher, mtaalamu wa hisabu aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Akaonyesha kuwa shamba ligawanywe vipande vidogo, na kila kipande kipigiwe kura ya mbegu itakayopandwa hapo, ili mkono wa mkulima usipendelee upande.

Kutoka shambani kura ikaingia hospitalini. Mwaka 1948 ilitangazwa habari ya utafiti wa dawa ya streptomaisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu huko Uingereza, ambao hisabu yake ilipangwa na Austin Bradford Hill. Dawa ilikuwa haba, haiwatoshi wote. Wagonjwa walikuwa 107: kwa kura, 55 walipewa dawa pamoja na kulazwa, na 52 walilazwa tu kama ilivyokuwa tiba ya siku zile. Majina ya mafungu yalitiwa katika bahasha zilizofungwa, daktari asijue mgonjwa ajaye ataangukia wapi. Baada ya miezi 6, katika wale 55 walikuwa wamekufa 4. Katika wale 52, walikuwa wamekufa 14. Hapo dunia ikajua.

Kama daktari angechagua kwa jicho lake, huenda huruma ingemfanya awape dawa waliozidiwa sana, nayo dawa ingeonekana haifai. Au angewapa wenye nguvu, nayo ingeonekana ni muujiza. Kura huwachanganya wenye nguvu na wanyonge, matajiri na maskini, katika mafungu yote mawili. Na ile dawa tupu, ifananayo na dawa ya kweli, hutolewa ili matumaini ya mama na macho ya daktari yasipotoshe kipimo.

KURA NA KAMARI SI KITU KIMOJA

Sasa nirudi kwa swali la mzazi yule. Mimi si mufti, na mwenye shaka awaulize masheikh wake. Lakini yale yaliyo wazi katika dini yetu twayajua. Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Sura Aali Imran habari ya wale waliotupa kalamu zao ili ajulikane nani atakayemlea Bibi Maryam. Ametusimulia katika Sura As-Saffat habari ya Nabii Yunus (A.S.) alipoingia katika kura ya wenye jahazi. Na imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze. Kura hizi hazikuwa za kula mali ya mtu, wala za kutafuta habari za ghaibu kama ile mishale ya Majahili iliyoharamishwa katika Sura Al-Maida. Zilikuwa za uadilifu, pale ambapo haki za watu zimelingana na haifai mmoja kupendelewa.

Katika kamari, mmoja hula cha mwenziwe. Katika kura ya matabibu hakuna anayekula cha mtu. Lakini pana sharti kubwa, na hili tulishike: kura hii ni halali kwa nafsi ya tabibu pale tu anapokuwa kwa kweli hajui lipi katika mambo mawili lililo bora. Akiwa ajua kuwa hii yaponya na ile haiponyi, kisha akampigia mtoto kura, hiyo ni dhuluma, wala jina la utafiti haliisafishi.

Mtu atasema, "Lakini daktari hukosaje kujua? Si kasoma?" Jibu la swali hili limeandikwa kwa roho za watoto wa Afrika Mashariki yetu hii, nami nataka kulieleza kwa urefu.

MAJI YALIYODHANIWA KUWA UHAI

Mtoto akifikishwa hospitali na homa kali, amelegea, mikono na miguu imekuwa baridi, anapumua kwa shida, damu haimfiki vizuri mwilini, madaktari wengi wa dunia walifundishwa jambo moja: mtundikie maji mengi kwa haraka. Ndivyo vitabu vilivyosema, na ndivyo ilivyofanywa katika hospitali kubwa za nchi tajiri. Ilionekana ni jambo lisilo na ubishi. Waliokuwapo walidhani shida ya Afrika ni upungufu wa maji hayo na wa wahudumu wa kuyatundika.

Hata hivyo, matabibu wachache wakauliza: je, kuna aliyelipima jambo hili kwa kura? Hakukuwa na kipimo cha kutosha kwa watoto wa huku. Basi mwaka 2009 ukaanza utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyekuwa Kilifi, Kenya. Ulifanyika katika hospitali 6: Kilifi huko Kenya, Teule, Muheza, hapa Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor huko Uganda. Watoto walikuwa wa umri wa siku 60 hadi miaka 12. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria. Kwa kura waligawanywa mafungu matatu: fungu moja walitundikiwa kwa haraka maji ya chumvi; fungu la pili wakatundikiwa kwa haraka maji yenye albumini; na fungu la tatu hawakupewa maji ya haraka, ila walipata dawa zao, damu kwa waliohitaji, na maji ya kawaida ya polepole kama wenzao.

Fikirini hali ya wazazi wale. Mama amembeba mtoto anayekata roho, hana nafasi ya kusoma karatasi. Kwa hiyo ilipangwa aelezwe kwa maneno machache na kuombwa ridhaa ya mdomo kwanza. Kisha hali ikitulia, aelezwe yote kwa kituo na atie sahihi au akatae. Jambo hili lilijadiliwa sana, na ni haki lijadiliwe.

Ilikusudiwa kuandikisha watoto 3,600. Lakini ilikuwapo kamati ya watu waliojitenga na utafiti, kazi yao ni kufungua hesabu mara kwa mara pasipo watafiti wenyewe kuziona. Januari 2011, watoto walipofikia 3,141, kamati hiyo ikasema: simamisheni. Hesabu zilikuwa hivi. Katika watoto 1,050 waliopewa maji ya albumini, 111 walikufa ndani ya saa 48. Katika 1,047 waliopewa maji ya chumvi, walikufa 110. Katika 1,044 ambao hawakupewa maji ya haraka, walikufa 76. Yaani katika kila watoto 100 waliofanyiwa lile jambo lililodhaniwa kuwa ni uhai, walikufa takriban 3 zaidi kuliko wale walioachwa.

Ndugu wasomaji, someni tena hesabu hizo polepole. Kisha fikirini daktari mmoja mwema katika hospitali moja. Aona watoto 30 wa namna hii. Akiwatundikia maji, watakufa 3. Asipowatundikia, watakufa 2. Je, jicho gani litaiona tofauti hiyo? Leo 3, kesho 2, kesho kutwa 4. Hata akiwa mcha Mungu, mwenye bidii na mwenye macho makali, ataishi maisha yake yote akidhani anaokoa. Asingejua kamwe. Ni hesabu ya maelfu, iliyopangwa kwa kura, iliyoweza kuliona lisiloonekana. Hii ndiyo faida ya elimu ya takwimu, na ndiyo sababu wataalamu wake hukaa miaka wakifikiri tu: watu wangapi watatosha? Tusimame lini? Tutajuaje kuwa hatudanganyiki?

Tahadhari moja, msije mkanifahamu vibaya. Watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwa katika utafiti ule. Mtoto anayeharisha bado ni wa kupewa maji ya chumvi na sukari ya kunywa na kupelekwa kituo cha afya upesi. Mtu asimnyime mtoto wake maji kwa sababu ya makala haya.

BAHATI NASIBU NAYO HUDANGANYA

Kama hesabu ndogo hufanya tofauti ya kweli isionekane, basi pia hufanya tofauti isiyokuwapo ionekane. Tupa shilingi mara 10. Yaweza kuanguka upande mmoja mara 7, na shilingi haina kosa.

Mwaka 1994 zilitangazwa habari za chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyotungwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia, na kujaribiwa katika kijiji cha Idete, Kilombero, kwa watoto 586 wa umri wa mwaka 1 hadi 5. Ilionekana imepunguza malaria kwa sehemu 31 katika 100. Watu wengi wakafurahi. Lakini wataalamu wa hesabu waliandika pembeni ya 31 ile neno jingine: kwamba kwa uchache wa watoto wale, ukweli waweza kuwa popote baina ya 0 na 52. Asiyejua husoma 31 akaenda zake. Mwenye kujua huitazama ile 0 na kutulia. Na kweli, ilipojaribiwa Gambia kwa watoto wachanga, habari zake zikatoka mwaka 1995 kuwa ni sehemu 8 tu, nayo haikuweza kutenganishwa na bahati nasibu. Na ilipojaribiwa Thailand haikukinga. Chanjo ile ikaachwa.

Baadaye ikaja chanjo nyingine, RTS,S. Hii ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwamo Bagamoyo na Korogwe kwetu, na Kilifi, Kombewa na Siaya kwa jirani zetu. Kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata sindano zote 4, ilipunguza malaria kwa sehemu 36 hivi katika 100 kwa muda wa miaka minne. Si nyingi, lakini ilithibitika, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike. Tazameni: 31 ya kwanza na 36 ya pili zafanana kwa jicho, ila moja ilikuwa kivuli na nyingine ilikuwa mtu.

Sisi Waislamu tusishangae. Wanavyuoni wetu wa hadithi hawakulipokea neno kwa uzuri wake. Waliuliza nani kasema, kwa nani, na wangapi wamelipokea. Na Mola wetu katika Sura Al-Hujurat ametuamrisha kuithibitisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Dawa mbaya, nayo ni habari isiyothibitishwa iliyotiwa ndani ya chupa.

YA KWETU MBULU

Wala mambo haya hayako mbali nasi. Katika hospitali ya Haydom, iliyo katika wilaya yetu, ulifanyika utafiti ulioitwa ELICIT, ulioanza kuandikisha watoto mwaka 2017. Watoto wachanga 1,188 waligawanywa kwa kura mafungu manne. Ilitakiwa kujulikana kama dawa za kuua vijidudu zikitolewa kwa watoto kila baada ya miezi kadhaa, na kama vitamini ya nikotinamidi ikipewa mama anyonyeshaye na kisha mtoto, vitaondoa udumavu, ambao huku kwetu ni tatizo kubwa. Watoto walipofika miezi 18 walipimwa urefu. Ikaonekana kwa ujumla dawa zile hazikuongeza urefu, wala vitamini ile.

Mtu aweza kusema, "Basi kazi bure." La, si bure. Kama lingefuatwa lile lililodhaniwa tu, watoto wengi wangemezeshwa dawa za kuua vijidudu kwa matumaini ya kurefuka, fedha zingepotea, na vijidudu vingezoea dawa ambazo kesho tutazihitaji. Kujua kuwa njia fulani haifiki ni nusu ya kuijua njia. Na waliotupa elimu hiyo ni kina mama wa milima hii hii, waliokubali watoto wao wapimwe. Haifai tuwasahau katika dua.

MZAZI AULIZE NINI

Nilipokutana tena na mzazi yule, sikumwambia mdogo wake akubali, wala sikumwambia akatae. Nilimwambia aulize maswali haya, naye akayaandika nyuma ya daftari la mwanawe:

Kwanza: Je, utafiti huu una kibali? Hapa Tanzania Bara, utafiti wa tiba hupata idhini ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Na majaribio ya dawa husimamiwa pia na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mtafiti wa kweli hukasirikii swali hili.

Pili: Mtoto atakayeangukia fungu la dawa tupu, je, atanyimwa tiba yoyote ambayo angeipata leo hospitalini? Jibu likiwa ndiyo, simama hapo.

Tatu: Ni nani atakayezitazama hesabu katikati ya kazi, na je, ana uwezo wa kusimamisha madhara yakionekana?

Nne: Nikitaka kutoka kesho, je, mwanangu ataendelea kutibiwa kama wenzake? Ridhaa isiyo na mlango wa kutokea si ridhaa.

Tano: Mkimaliza, mtarudi kutuambia mlichokipata?

Mdogo wake akaenda na maswali yale. Aliyojibiwa na aliyoamua ni yake, wala si haki yangu kuyatangaza hapa. Lakini kakaye aliniambia neno moja lililonifurahisha: kwamba aliporudi hakuwa na hofu tena, kwa sababu amejua alichoambiwa.

Na kwenu nyinyi vijana wetu, wa kiume na wa kike, ninalo ombi. Wengi wenu hulikimbia somo la hisabati mkidhani ni adhabu ya mwalimu. Hisabu ndiyo iliyowapa mababu zetu elimu ya kugawa mirathi na kujua nyakati za sala. Na leo ndiyo iliyowaambia matabibu wasimamishe mikono yao, watoto wasife. Hospitali zetu zinawahitaji wauguzi na madaktari, naam, lakini zinawahitaji pia wanaojua kuhesabu kwa uaminifu. Jifunzeni, mkae katika kamati hizo nyinyi wenyewe, mzifungue hesabu za watoto wetu kwa mikono yenu.

Shifaa yatoka kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa hakuna ugonjwa ulioteremshwa ila umeteremshiwa dawa yake, kazi yetu ni kuitafuta kwa ukweli, pasipo kujidanganya wala kudanganya wenzetu. Tunamwomba Mola awarehemu watoto waliotangulia, awape subira wazazi wao, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.